“Nimeona, madam”

Kwa miaka sita hayo ndiyo maneno yaliyokuwa yakinipa imani kwamba somo limeeleweka. Nafundisha baiolojia katika shule ya sekondari ya kata, upande wa Kilosa. Darasa langu la kidato cha kwanza lina wanafunzi 74. Hadubini ni mbili, na moja kioo chake cha kuakisi mwanga kilipasuka kabla sijahamia pale. Somo la seli likifika tunasogeza meza dirishani, naweka utando wa kitunguu, nahangaika na lenzi mpaka navikuta vile vijumba vimepangana kama matofali ukutani, kisha foleni inaanza. Mmoja anainama, anaziba jicho la pili kwa kiganja, anakaa sekunde tano, anainuka. “Nimeona, madam.” Anayefuata naye ameona. Vipindi viwili vya dakika 40 vinakwisha hivyo, na nyuma kuna waliobaki bila kufika mezani.

Nikikusanya madaftari ndipo najua walichokiona. Wengi walichora duara lenye ukingo mzito mweusi, pembeni wakaandika “seli”. Lile ni povu la hewa lililobanwa chini ya kioo. Wengine walichora vistari vilivyopinda, vimejipanga vizuri, na hizo ni kope zao wenyewe. Waliobaki walinakili mchoro wa kitabuni, kiini kimo na kila kitu kimo, ingawa siku hiyo kitunguu changu sikukitia ayodini na kiini kisingeonekana waziwazi namna ile. Sikuwalaumu. Mtoto ana wenzake sitini mgongoni wanasukumana, atasemaje kwamba hajaona kitu? Na mimi nikiinama baada yake meza imeshatikiswa, siwezi kujua yeye alikuwa anatazama nini.

Likizo moja ya Desemba nilikwenda Dar es Salaam kwa dada yangu, nikapita Kariakoo, nikanunua hadubini ya kidijitali kwa fedha yangu mwenyewe. Bei yake haikufika ya gunia la mahindi. Ni kitu kidogo kama tochi ya mkononi: mbele kuna lenzi iliyozungukwa na taa nane ndogo, katikati kuna gurudumu la kurekebishia, nyuma unatoka waya wa USB. Unauchomeka kwenye kompyuta, au kwenye simu ya Android kwa kiunganishi cha OTG, picha inatokea. (Si kila simu inakubali. Yangu ilikubali, ya dada ilikataa kabisa. Mkienda kununua, ijaribuni palepale dukani kabla hamjalipa.) Kwenye boksi iliandikwa kwa herufi kubwa kwamba inakuza mara 1000.

Shule zilipofunguliwa niliazima projekta ofisini kwa mkuu wa shule, nikatundika shuka jeupe juu ya ubao, nikaweka kitunguu kilekile. Mara ya kwanza hatukuona chochote cha maana, weupe mtupu. Ilinichukua vipindi kadhaa kuelewa sababu. Taa za kifaa hiki zinamulika kutoka juu, na utando wa kitunguu ni mwembamba, mwanga unapita tu. Kitu cha namna hiyo kinataka mwanga wa kutoka chini. Nilichukua kifuniko cheupe cha kopo la mafuta ya kujipaka, nikakifunika juu ya tochi ya simu, kioo chenye kitunguu nikakilaza juu yake, nikazima zile taa nane. Tone moja la ayodini. Nikazungusha gurudumu polepole, ukungu ukaanza kukatika, na ghafla ukuta mzima wa matofali ukasimama juu ya shuka, kila tofali na kitone chake cha rangi ya kahawia ndani. Darasa lilinyamaza. Wanafunzi 74 kunyamaza kwa pamoja bila kuambiwa, mwalimu mwenzangu unajua hilo linatokea mara ngapi kwa mwaka.

Na pembeni mwa yale matofali, povu la hewa lilikuwepo, na ukingo wake mweusi.

Mvulana mmoja akatoka mbele akaligusa kwa kidole kwenye shuka. “Madam, seli ndiyo hii.” Msichana wa safu ya pili akasema hapana, hiyo ni hewa. Mwingine akasema ni seli kubwa, mama wa zile ndogo. Nilitamani sana kuwapa jibu, nikajizuia. Nikachukua ncha ya penseli nikabonyeza kidogo kile kioo chembamba cha juu. Povu likateleza, likakatika vipande viwili, matofali yakabaki palepale. Kelele iliyopigwa pale ilimleta mwalimu wa darasa la jirani mlangoni.

Lile swali la povu lilikuwamo vichwani mwa wanafunzi wangu kwa miaka yote sita, na sikuwa na njia ya kulisikia. Hadubini ya kawaida picha yake anaiona mmoja. Hii ya kidijitali picha yake iko ukutani, mtoto anaweza kuweka kidole juu ya kitu akakikosea mbele yetu sote, na mwenzake akamkatalia. Vifaa vya maabara nilivyowahi kutumia ni vingi, lakini hiki ndicho cha kwanza kilichonifanya niwasikie wakibishana kuhusu kitu walichokitazama wenyewe.

Nilipovimba kichwa kwa mafanikio hayo, wiki ya tatu nikaahidi malaria. Kwetu malaria iko kila nyumba, na boksi lilisema mara 1000. Nilijichoma kidole kwa sindano mpya niliyopewa zahanati, nikapaka damu kwenye kioo, nikawasha projekta. Tuliona ukungu wa pinki wenye chengachenga, basi. “Madam, malaria iko wapi?” Nikasema tutarudia kesho. Jioni nikaenda zahanati na kifaa changu mkononi. Kijana wa maabara alikigeuzageuza, akakiweka chini kwa heshima. “Mwalimu, mimi na hii yangu kubwa, bila mafuta siwezi kumwona.” Akanionyesha: damu inapakwa dawa ya Giemsa ili vimelea vishike rangi, halafu anatumia lenzi ya mara 100, na kati ya lenzi na kioo anadondosha tone la mafuta maalumu. Juu kuna lenzi ya jicho ya mara 10. Mia mara kumi, hiyo ndiyo 1000 ya kweli. Nikainama nikaviona, vipete vidogo ndani ya chembe nyekundu. Na nilikuwa na hakika nimeviona kwa sababu aliniuliza vina umbo gani, nikamweleza.

Kesho yake nilikwenda darasani bila damu. Niliweka rula ya plastiki chini ya lenzi. Tukahesabu vistari kwenye shuka: upana wote wa picha ulikuwa milimita mbili. Kwenye kompyuta picha hiyo ilikuwa na upana wa sentimita 30, kwa hiyo ukuzaji ni mara 150. Kwenye shuka tukapima kwa kamba, mita mbili kamili. Milimita mbili kuwa mita mbili ni mara 1000! Mmoja akaruka, “Boksi halikudanganya, madam!” Nikawaambia wasogee, watazame kingo za vistari vya rula kwenye shuka, kisha waje watazame kwenye kompyuta. Je, kwenye shuka kuna kitu chochote ambacho kwenye kompyuta hakipo? Walikwenda, wakarudi, wakaenda tena. Hakuna. Ukubwa uliongezeka, mambo mapya hayakuongezeka.

Tukapiga hesabu nyingine. Kamera ya kifaa changu ina pikseli, yaani vile vinukta vinavyojenga picha, 640 kwa upana. Milimita mbili ni mikroni 2000, kwa hiyo kila pikseli imebeba takriban mikroni 3. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikroni 7 hadi 8, maana yake inapata pikseli mbili au tatu tu. Kimelea kichanga cha malaria, kile cha umbo la pete, hakizidi theluthi ya upana wa chembe hiyo. Hata tungetundika shuka la kufunika shule nzima, tusingekipata. Mwanafunzi aliyeifanya hesabu hiyo ubaoni alikuwa hapendi hisabati. Nikawaambia pia kwamba mwaka 1665, huko Uingereza, Robert Hooke alipotazama gamba la koki, lile la kutengenezea vizibo vya chupa, na kuvipa vyumba vyake vidogo jina la seli tunalotumia hadi leo, hadubini yake ilikuwa inakuza kiasi cha mara 50 hivi. Yetu ya 150 ina kazi nyingi ya kufanya. Na tangu siku hiyo damu haiingii darasani kwangu, hata iwe yangu.

Kama kimelea hatukiwezi, anayekibeba tunamweza. Ronald Ross alivipata vimelea hivyo tumboni mwa mbu akiwa India, mwaka 1897. Sisi tulianza na viluwiluwi. Hapa ndipo hadubini ya kushika mkononi inapoipita ile ya mezani, maana unaweza kuilaza. Nilijaza maji kwenye glasi nyembamba yenye kuta zilizonyooka, nikamimina viluwiluwi wa sehemu mbili tofauti, nikailaza hadubini juu ya vitabu ikatazama glasi kwa ubavuni. Kile kisimamo cha plastiki kinachokuja nacho kilikuwa kimeshanichosha, mtoto akikohoa tu picha inaruka, kwa hiyo fundi seremala alinitobolea kipande cha mninga kikaishika barabara. Tukawa tunatazama uso wa maji kwa pembeni, kama samaki anavyouona. Kiluwiluwi mmoja alifika juu, akagusisha mkia, akabaki kichwa chini. Utumbo wake ulionekana ukisukuma kitu cheusi, taratibu, kutoka kifuani hadi mkiani. Vinywele vya mdomoni vilikuwa vikichezacheza bila kupumzika.

Kuna kijana wangu anayekaa nyuma kabisa, hanyooshi mkono. Siku hiyo aliongea bila kunyoosha. “Madam, huyu ananing'inia. Yule pale amelala.”

Kweli. Wawili watatu walikuwa wamejilaza sambamba na uso wa maji, kama mtu juu ya mkeka. Hawakuwa na lile bomba la mkiani la kuvutia hewa. Tulisogeza hadubini karibu zaidi tukathibitisha. Anayening'inia kwa bomba ni wa mbu aina ya Culex, au Aedes ambaye bomba lake ni fupi. Anayejilaza bila bomba ni Anopheles, huyo ndiye mama wa malaria. Sikuwaambia majina kwanza. Niliwaambia wakatafute kila aina inatoka wapi. Walirudi na chupa zenye vikaratasi: karo la nyuma ya mabweni, tairi bovu la gereji, na nyayo za ng'ombe kwenye njia ya mtoni, zile zinazojaa maji ya mvua na jua linazipiga. Karo lilikuwa na wanaoning'inia tupu. Wanaolala walitoka kwenye nyayo za ng'ombe, maji ambayo kila mtu kijijini angekwambia ni safi. Bibi mmoja aliambiwa hivyo na mjukuu wake akaja shuleni kuniuliza kama ni kweli, nikamwonyesha.

Kuhusu kuchora, nina neno. Watoto wakishaona picha inaweza kuhifadhiwa kwa kubofya, hawataki tena penseli. Nilikubali kwa wiki mbili nikaona hasara yake: wana picha nzuri kwenye kompyuta na hawajui kiluwiluwi ana sehemu ngapi. Sasa tunatazama dakika tano, nazima projekta, wanachora kwa kumbukumbu, nawasha tena, wanasahihisha kwa rangi nyingine. Lile sahihisho la rangi ya pili ndilo ninalolisoma nikiwa nasahihisha madaftari usiku.

Kuna siku moja ninayoiona hadi leo nikifumba macho. Tulikuwa tunatazama nywele. Tulishaona ya mbuzi, ya paka, na uzi wa khanga. Nikaomba unywele wa mwanafunzi. Msichana mmoja akajitolea kwa furaha, akaung'oa, nikaulaza chini ya lenzi. Kwenye shuka la mita mbili likatokea yai la chawa, jeupe, umbo la tone, limegandishwa kwenye unywele, hata kifuniko chake kinaonekana. Nilipeleka mkono kwenye waya lakini darasa lilishaona. Kicheko kile sikuweza kukizima haraka. Msichana hakuja shule siku mbili.

Nilikwenda kwao jioni. Mama yake alinikaribisha mkeka, akanisikiliza nikiomba radhi mpaka mwisho. “Mwalimu, chawa tumeshamaliza,” akasema. “Aibu ndiyo haijaisha.” Nilirudi darasani nikaeleza kwamba chawa anapanda kichwa chochote, cha mwalimu na cha mkuu wa wilaya, na kwamba kosa lilikuwa langu. Msichana alirudi. Lakini kitu cha mwili wa mwanafunzi hakiwekwi tena chini ya lenzi ile, kiwe unywele, ukucha, ngozi wala mapunye ya kichwani, hata mwenyewe akiomba. Picha iliyo ukutani ni ya wote, na mtoto wa miaka 14 hawezi kujua mapema anakubali nini. Ningeombwa nimwambie mwalimu mwingine jambo moja tu kabla hajanunua kifaa hiki, ningemwambia hilo.

Nyumbani nimejifunza mengine. Binti yangu ana miaka saba, na usiku umeme ukiwepo hadubini ni yake. Chumvi ya jikoni aliikuta ni visanduku vya pembe nne. Skrini ya televisheni palipo peupe hapakuwa na weupe wowote, kulikuwa na vistari vyekundu, vya kijani na vya bluu. Siku moja akaweka ukucha wake, kabla hajaoga. “Mama, vijidudu viko wapi?” Shuleni wamemfundisha kunawa mikono, wamemwambia chini ya kucha kuna vijidudu. Tuliona punje za udongo mwekundu, unyuzi wa nguo, na kipande cha kitu kilichoungua. Kidole changu kilishaanza kwenda kwenye kile kipande cheusi. Ilikuwa rahisi sana kusema “ni hawa hapa”, angenawa mikono mwaka mzima. Nikakumbuka yale madaftari ya miaka sita.

“Wapo,” nikamwambia, “lakini kwa hii hawaonekani, ni wadogo mno.”

“Sasa wewe umejuaje wapo?”

Swali hilo sijawahi kuulizwa na mtu mzima. Tulichukua vipande viwili vya mkate, kimoja akakishika kwa mikono iliyotoka kucheza, kingine baada ya kunawa kwa sabuni, tukavifunga kila kimoja kwenye mfuko wake unaopitisha mwanga, tukaandika tarehe. Baada ya siku kadhaa kile cha kwanza kilianza mapema zaidi kuota mabaka. Bila kufungua mifuko tukaweka lenzi juu: msitu wa nyuzi nyeupe zenye vichwa vyeusi vidogo kama vichwa vya pini. Nikamwambia ukweli tena, kwamba hii ni kuvu, ndugu yake uyoga, bakteria bado hatujawaona kwa macho. Akaridhika. Alitaka kujua kama uyoga huo una majina.

Mwaka jana tuliipeleka hadubini Kongwa, kwa mama yangu. Mama anahifadhi mahindi tangu sijazaliwa, na msimu ule alikuwa analalamika kwamba dawa ya unga aliyochanganya haikufanya kazi, magunia yanamwaga vumbi. Kwake fukusi ni fukusi. Nilichomeka hadubini kwenye simu, nikamwomba ungo, tukaokota wadudu kutoka kwenye gunia.

Wa kwanza alikuwa na mdomo mrefu mbele. Mama akaishika simu karibu na uso. “Huyu ana mkonga!” Huyo ndiye fukusi wenyewe. Wa pili alikuwa mfupi, mweusi wa kahawia, umbo la risasi, nyuma kama amekatwa kwa panga. Mama alimtazama muda mrefu. “Mwanangu, huyu kichwa chake kiko wapi?” Nikamgeuza kwa kijiti. Kichwa kilikuwa chini, kimefichwa chini ya mabega, kama mtu aliyeinama kufunga kamba za viatu.

“Huyu ndiye dumuzi, mama. Ndiye mnayemwita Scania.”

Jina alilijua. Kila mkulima wa umri wake analijua, tangu mdudu huyo alipoingia nchini kupitia Tabora, akitokea upande wa Amerika ya Kati. Lakini hakuwahi kumtenganisha na fukusi kwa macho. Nikamweleza kwamba kiuatilifu cha pirimifosi-methili peke yake inamweza fukusi vizuri, Scania haimtoshi, ndiyo maana dawa za mahindi huongezewa permethrini. Tukaisoma paketi yake kwa lenzi ileile, maana maandishi yalikuwa madogo. Ilikuwa na kiambata kimoja tu. Tulimwaga gunia, tukahesabu wadudu hamsini kwenye ungo, wengi wao hawakuwa na mkonga. Msimu uliofuata akanunua mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu isiyopitisha hewa.

Kabla sijaondoka jirani yake alikuja na bakuli la mahindi, ameshasikia habari. Nilitaka kusimama nimhudumie, mama akanizuia kwa mkono. Akachukua simu na hadubini yeye mwenyewe, akaweka mdudu, akazungusha gurudumu mpaka picha ikatulia, akamsogezea mwenzake.

“Umeona?”

“Nimeona.”

“Umeona nini?”

Jirani akakunja uso, akaisogeza simu mbali kidogo, akairudisha. “Sijaona kichwa.”

“Haya,” mama akampa kijiti. “Mgeuze.”